Shule ya binti yangu ni kituo cha kura: nimhamishe?

"Binti yangu yuko gredi ya nne katika shule ya msingi ya umma hapa Likoni. Kaka yake yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, Nakuru. Shule zote mbili ni vituo vya kupigia kura. Baada ya uchaguzi wa 2022 binti, wakati huo chekechea hapo hapo, alirudi nyumbani na vidole vyeusi: aliokota kichupa cha wino chini ya dawati. Nilicheka. Sasa kila mtu anasema 2027 kutakuwa moto, na sicheki tena. Polisi wenye bunduki watalala katika madarasa ya watoto, na watu nisiowajua watakuwa wameijua shule mlango kwa mlango. Dada yangu aliye Marekani ananiambia huko watu hupiga kura na watoto wakiwa darasani, nikazidi kuogopa. Je, sisi wazazi tunaweza kukataa shule isitumiwe? Na nikimpeleka shule ya kibinafsi ambayo si kituo, nitakuwa nimemwokoa?"

Mama, umeuliza mengi kwa pumzi moja, na yote ni haki yako kuyauliza. Nitaanza na siku yenyewe ya kura kwa kuwa ndiyo inayokukosesha usingizi, kisha nikueleze kwa nini mimi, niliyekaa sana na kamati za usalama za shule, hofu yangu iko kwingine.

Kwa shule ya Kenya, siku ya uchaguzi mkuu mtoto hayupo shuleni. Katiba imeuweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni 10 Agosti 2027. Mwaka wa 2022 kura ilipigwa 9 Agosti, ikatangazwa siku ya mapumziko, na wanafunzi walikuwa wameshaagizwa kurudi makwao tangu tarehe 2. Vituo vinapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, dawati la binti yako limesukumwa ukutani na juu yake pengine amekaa wakala wa chama anatafuna mahamri. Zile foleni, wale polisi mlangoni, na yale mabishano ya usiku kura zikihesabiwa hapo hapo darasani, yote yanapita mtoto akiwa kwenu.

Anayokueleza dada yako ni kweli, ila ni ya kwao. Marekani hupiga kura Jumanne moja ya Novemba ambayo si sikukuu ya taifa zima. Shule hupendwa kwa sababu ziko kila mtaa, zina maegesho na ukumbi mkubwa ambao hata mwenye kiti cha magurudumu anaingia, kwa hiyo kuna shule ambako wapiga kura huingia ukumbini huku masomo yakiendelea vyumba vya pili. Desemba 2012 mtu mwenye silaha aliingia shule ya Sandy Hook, Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima sita. Tangu hapo shule nyingi za huko zimekazana kufunga milango, na mlango uliofungwa haupatani na kituo cha kura, ambacho lazima kiwe wazi kwa yeyote. Ukumbuke lakini kwamba aliyefanya unyama ule hakuwa mpiga kura, wala haikuwa siku ya kura. Tume ya rais iliyochunguza uendeshaji wa uchaguzi ilipotoa ripoti yake Januari 2014 haikusema shule ziachwe. Ilipendekeza ziendelee kutumika, na siku hiyo iwe ya mafunzo ya walimu ili watoto wabaki nyumbani. Yaani wanashauriwa wafanye kile ambacho sisi tunakifanya tayari.

Basi hatari iko wapi? Iko kwenye siku za pembeni, zile ambazo hakuna kamera ya televisheni wala anayezitazama.

Chukua uandikishaji wa wapiga kura. Januari 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliendesha awamu ya pili ya kuandikisha watu kwa wingi, na shule zilikuwa zimefunguliwa. Usalama wa shule umejengwa juu ya jambo moja tu, nalo ni kujua ni nani yuko ndani na amefuata nini. Ndiyo maana mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unasisitiza ua, lango na kuwaandika wageni. Sasa karani wa IEBC akiwekwa na mashine yake kwenye veranda ya gredi ya nne, kila mtu mzima mwenye kitambulisho amepata sababu halali ya kupita langoni. Soja, yaani mlinzi wa lango, hana la kumuuliza. Akishaandikishwa, anaulizia choo. Choo cha karibu ni cha wasichana. Hapo ndipo ninapopataka wewe upatazame, kwa sababu sijaona shule iliyopatwa na balaa kwa sababu ya foleni, lakini nimeona nyingi ambazo mtu mzima asiyejulikana alizoea kupita nyuma ya madarasa wiki tatu nzima na hakuna aliyemkemea.

Dawa yake haihitaji hata shilingi ya fedha za maendeleo. Karani akae karibu na lango, chini ya mwembe au kwenye banda, si katikati ya madarasa. Wageni wawe na choo kimoja, kilichoandikwa, na watoto waambiwe wasikitumie mpaka shughuli iishe. Mwalimu wa zamu asimame upande huo wakati wa mapumziko, na karani asilete watu wake kuketi kivulini wakipiga soga na wanafunzi. Mwalimu mkuu ana uwezo wa kuyasema haya yote, na maafisa wengi wa IEBC hukubali bila ubishi. Kwao la maana ni kazi iende.

Chaguzi ndogo nazo watu huzisahau. Haziji Agosti. Zinakuja mbunge akifariki au mahakama ikifuta matokeo. Maeneo bunge ya Juja na Bonchari yalipiga kura 18 Mei 2021, wiki moja tu baada ya shule kufunguliwa. Ikitokea kwenu, usingoje tangazo la redio. Uliza shuleni mapema siku gani masomo yanasimama na siku gani madarasa yanarudishwa.

Tuje kwa polisi na bunduki zao. Unadhani watapiga kambi. Katika kituo cha kawaida hawakai hivyo. Vifaa vinafika siku moja kabla au karibu na hapo, maafisa wanavilinda usiku, kura zinapigwa na kuhesabiwa, matokeo yanabandikwa mlangoni, kisha masanduku yanaondoka na polisi wanaondoka nayo. Kuna mahali pengine lakini ambapo hali si hiyo hata kidogo. Mwaka wa 2022 nchi ilikuwa na vituo vya kupigia kura 46,229, ila vituo vya kujumlishia kura ngazi ya eneo bunge ni 290 tu, na mara nyingi huwekwa katika shule za upili na vyuo, kwa sababu ya kumbi zao kubwa. Huko ndiko wafuasi wanakokesha langoni, wagombea wanafika na walinzi wao, na mambo yanaweza kuvutana siku kadhaa. Gesi ya kutoa machozi ikirushwa, kwa kawaida hurushwa huko.

Kwa hiyo swali la kumpelekea mwalimu mkuu wa kijana wako Nakuru si kama shule yao ni kituo. Muulize: ni kituo cha kupigia kura, au cha kujumlishia? Na je, mabweni yatalaza makarani na polisi? Kikiwa cha kujumlishia, masanduku ya wanafunzi, magodoro na vitabu visiachwe bwenini kwa matumaini tu. Vifungiwe stoo, na mtu mmoja aandike orodha. Nimewahi kukaa kikao ambapo wazazi walitumia saa nzima kujadili bunduki na dakika sifuri kujadili magodoro, halafu muhula uliofuata vijana wakalala wawili wawili huku kila mtu akimshuku mwenzake. Ugomvi wa bweni huanzia kwenye vitu kama hivyo.

Sasa nirudi kwenye kile kichupa chako cha wino. Wino wa kura una kemikali ya madini ya fedha, nitrati ya fedha, ambayo mwanga ukiipiga hubadilika ikawa nyeusi na kushika ngozi na ukucha. Kwenye ncha ya kidole cha mtu mzima haina neno. Rangi ya ngozi inatoka baada ya siku kadhaa, ya ukucha inasubiri ukucha ukue. Ila kichupa kizima mikononi mwa mtoto wa miaka mitano ni habari nyingine. Akijipaka machoni inaweza kuunguza jicho, na akiinywa inachoma koo na tumbo. Binti yako alibahatika kwamba aliishia vidoleni.

Lakini kichupa kile kinakwambia jambo kubwa kuliko wino. Kinakwambia kwamba mwaka ule watoto waliingia darasani kabla ya mtu mzima kuinama kutazama chini ya madawati. Hilo ndilo la kudai 2027: shule ikaguliwe na watu wazima kabla mtoto hajakanyaga. Mwalimu mmoja, mzazi mmoja wa bodi, na soja anayezijua kona zote. Wapite chini ya kila dawati, nyuma ya ubao, kwenye mifereji, nyuma ya vyoo. Wanatafuta vichupa vya wino, nyembe za kukatia lakiri, waya wa umeme uliovutwa dirishani ili kura zihesabiwe usiku, mafuta ya jenereta yaliyosahauliwa kwenye chupa ya soda. Chupa ya soda hiyo nairudia kwa makusudi. Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo.

Vyoo pia. Kituo kimoja cha kura kisheria hakizidi wapiga kura 700, lakini shule yenye vituo sita ndani ya ua mmoja inaweza kupokea watu 4,200 kwa siku, kwenye vyoo vya shimo vilivyojengewa watoto mia chache. Visafishwe, na matangi yajazwe maji, kabla ya siku ya kufungua. Hakuna mwanahabari atakayekuja kuandika habari za choo, ila tumbo la kuendesha litawafikia watoto wengi kuliko risasi yoyote.

Palipokuwa na vurugu, mambo mawili yaongezwe. Watoto hupenda kuokota maganda ya risasi na mikebe ya gesi wakayafanya michezo, na mara nyingine mkebe haujalipuka. Mfundishe binti yako leo, si Agosti: ukiona chuma usichokijua, usishike, usipige teke, rudi nyuma ukamwite mwalimu. Shule nayo isikichome wala kukitupa chooni. Wapigiwe polisi waje wakichukue. La pili, kinachoitwa gesi ya machozi kwa kweli ni ungaunga mwembamba sana unaotua kwenye madawati na mapazia. Ukifagia pakavu unaurusha upya hewani. Madirisha yafunguliwe wazi, madawati na kuta visuguliwe kwa maji mengi na sabuni, anayesafisha avae glavu na barakoa, na mtoto mwenye pumu aingie wa mwisho.

Kuhusu kijana wako, tatizo lake ni barabara zaidi ya shule. Mwaka ujao atakuwa kidato cha nne, kundi la mwisho kabisa la KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kila siku inayopotea inamuuma. Turejee 2022: wanafunzi walitarajiwa kurudi 11 Agosti, ikasogezwa hadi 15, ikasogezwa tena hadi 18. Si uzembe wa wizara peke yake. Tume inaruhusiwa hadi siku saba kutangaza matokeo ya urais, na mwaka ule yalitangazwa tarehe 15. Hakuna waziri atakayetaka mabasi ya watoto yapite Mai Mahiu au Salgaa usiku matokeo yakisomwa. Kwa hiyo usinunue tiketi ya kurudi kwa kufuata tarehe ya kwanza utakayosikia. Weka nauli pembeni, kwa bei ya msimu wa msongamano, na hakikisha anakuja nyumbani na vitabu vya masomo yote, si vya kazi ya likizo tu.

Na kuna uwezekano wa wimbi la pili. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais 1 Septemba. Marudio yalipangwa 17 Oktoba, yakasogezwa hadi tarehe 26, na KCPE, mtihani wa darasa la nane wa wakati ule, ikaanza tarehe 31 ya mwezi huo huo. Watahiniwa walikalia madawati ambayo siku chache nyuma yalikuwa ndani ya kituo cha kura, na katika kaunti kadhaa za Nyanza kura yenyewe haikufanyika kwa sababu ya vurugu. Sikuambii haya nikuogopeshe. Nakuambia ili wewe na mwalimu mkuu muwe mmeshakubaliana tangu Julai: marudio yakija, watahiniwa wabaki shuleni au waende wapi?

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Walimu wengi huajiriwa na IEBC kuwa makarani na wasimamizi wa vituo. Mwalimu aliyesoma matokeo usiku ule ndiye atakayefundisha hesabu wiki inayofuata, mbele ya watoto ambao baba zao wanasema kura ziliibwa. Na watoto hubeba maneno ya mezani mpaka uwanjani. Majina ya kabila, majina ya vyama, "nyinyi ndio mliotuibia". Shule yenu Likoni ina watoto wa kutoka kila pembe ya nchi. Mwombe mwalimu mkuu azungumze na wanafunzi siku ya kwanza, kwa dakika chache, bila hotuba ya siasa. Na nyumbani kwako, matusi ya kisiasa yasisemwe mtoto akiwepo. Binti wa gredi ya tano anasikia yote.

Je, mnaweza kukataa? Kwa shule ya umma, kusema kweli, nafasi ni ndogo. Orodha ya vituo huchapishwa na tume katika gazeti rasmi la serikali, na shule ya umma ndiyo jengo ambalo kila mpiga kura analifikia bila kuingia kanisani, msikitini au kwa mtu. Mkiiondoa, wazee wa mtaa wenu watatembea mbali zaidi, na pengine kituo kipya kitakuwa jengo ambalo upande mmoja haukubali kuingia. Nguvu yenu wazazi iko kwenye masharti: karani akae wapi, vyoo vipi vitumike, nani akague, lini. Pelekeni kwa bodi ya shule kwa maandishi, nakala kwa chifu na kwa ofisi ya IEBC ya eneo bunge lenu, miezi kadhaa kabla. Barua ya Julai 2027 itakuwa imechelewa.

Na shule ya kibinafsi? Kama ulikuwa na mpango huo kwa sababu za masomo, endelea nao. Kwa sababu ya uchaguzi peke yake, singelipa karo hiyo. Agosti 2017 Kisumu alikufa mtoto mchanga wa miezi sita kwa kipigo cha polisi, na Mathare akapigwa risasi msichana mdogo aliyekuwa kwenye roshani. Wote walikuwa nyumbani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,100 yalifuata mitaa, barabara na makabila, na shule nyingi zikageuka mahali pa kukimbilia. Kinachomlinda mtoto katika siku zile ni mtaa anakolala, njia anayopita, na nani yuko naye. Ukiwa na fedha za ziada, zitumie kumpeleka kwa bibi yake wiki ya matokeo ikiwa huko kumetulia kuliko Likoni. Zitafanya kazi zaidi kuliko sare mpya.

Usibaki na ushauri wa kusoma peke yake pakitokea haya. Wino au gesi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jicho limetulia. Akinywa chochote kilichoachwa shuleni, usimtapishe. Chukua chupa yenyewe uende nayo. Mwenye pumu aliyevuta gesi na dawa yake ya kupuliza haimtulizi, usingoje asubuhi. Mtoto aliyeacha kula, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, au anayekataa kabisa kuingia darasani kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe kwa mshauri nasaha au kliniki. Akikuambia mtu mzima alimgusa au alimwita chooni, usimhoji mara kumi. Piga 116, namba ya bure ya watoto, na umpeleke hospitali kabla ya kuoga. Kama anayelalamikiwa ni polisi, lalamiko lipeleke pia IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Kwa wiki hii, fanya mawili tu. Muulize mwalimu mkuu wa Likoni nani alikagua madarasa Agosti 2022 kabla ya watoto kurudi, na umpigie wa Nakuru kuhusu kile kituo cha kujumlishia.